Namba Mlangoni kwa Mama Lavender

Mama yangu husema nililipwa kufanya kazi ambayo wanawake wa mtaa wetu wa Mashimoni huifanya bure, yaani kuwauliza watu mambo yasiyonihusu. Hakukosea sana. Naitwa Mutheu, nimezaliwa Kibera na wazazi waliotoka Kitui, na tangu utotoni siwezi kupita mlango ulio wazi bila kuchungulia. Kwa hiyo chuo kilipotafuta watu wa kusaidia utafiti kuhusu wapangaji, haki zao na masomo ya watoto wao, nilijua Mungu amenikumbuka. Umbea wangu ulipewa kitambulisho chenye picha na kamba ya kuvaa shingoni.

Mkuu wetu alikuwa Daktari Lusweti, mhadhiri mrefu, mpole, aliyependa kanuni kuliko chai. Kanuni yake kubwa ilikuwa hii: unahesabu milango, na kila mlango wa kumi unaandika namba kwa chaki ndani ya duara, ili atakayerudi kuhoji asipotee. Lakini sharti umkute anayeishi humo na akubali kwanza. Ukikuta mlango umefungwa, unauruka na kwenda unaofuata. Alituambia tena na tena kwamba ukianza kuchagua milango kwa kupenda, umeshaharibu utafiti, afadhali ukalale. Mimi niliandika Kibera. Mwenzangu Duncan aliandika Kawangware. Ilikuwa Novemba ya mwaka 2007, na mpango ulikuwa kurudi Januari kuhoji, watu wakishapiga kura na kula Krismasi yao.

Januari hatukurudi. Matokeo ya kura yalitangazwa na mji ukageuka. Reli iling'olewa, Soko la Toi likateketea, na watu waliozoea kuombana chumvi wakaanza kuulizana majina ya ukoo. Sisi Wakamba tulikaa katikati, tukitukanwa na kila upande, na mama akasukuma kabati likazuia mlango. Nikaachiwa dirisha, nikachungulia hilo. Sijivunii niliyoyaona humo, na leo si hadithi yake.

Wakubwa walipotia saini mapatano mwishoni mwa Februari, Daktari alitupigia simu. Tulipaswa kurudi kazini, maswali yakiwa yale yale, isipokuwa limeongezwa moja: umehama, na kama umehama, kwa nini?

Siku ya kwanza Mashimoni nilidhani macho yananichezea. Nilikuwa nimeandika milango michache tu, huku mmoja na kule mwingine. Sasa kila mlango ulikuwa na namba ndani ya duara. Kinyozi alikuwa nayo. Choo cha kulipia kilikuwa nayo. Banda la kuku lilikuwa nayo. Mwenye bucha, ambaye siku zote hujiona mkubwa, alikuwa amejipa elfu moja.

Daktari alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena. Aliniuliza niliandika milango mingapi hasa, nami nikaapa kwamba hiyo mingine si yangu. Akatazama ule mstari wa namba kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Basi sampuli yetu imezaa," akasema.

Tukauliza, maana kuuliza ndiyo kazi. Kila tuliyemuuliza alitupa hadithi ile ile. Katika siku za moto, vijana walichoma mstari mzima wa vyumba karibu na reli, lakini waliupita mstari wa jirani bila kuugusa. Watu wakaenda kuangalia kwa nini. Wakaona mlangoni mwa chumba cha kwanza kuna namba. Wengine wakasema imeandikwa na serikali, wengine wakasema ni ya Umoja wa Mataifa, wengine wakasema ni ya mtu mkubwa ambaye hatajwi. Wote walikubaliana kwamba anayegusa mlango wenye namba atajulikana alipo. Kesho yake chaki ziliisha madukani.

Namba hiyo ya kwanza niliiandika mimi, kwa mkono huu, nikitafuna mahindi ya kuchoma.

Mstari huo ulikuwa wa bibi mmoja Mnubi, Mabrouka, ambaye kila mtu humwita Haboba, yaani nyanya kwa Kinubi. Babu yake alikuwa askari aliyetolewa Sudan na Waingereza, akapewa sehemu ya msitu uliokuwa hapa zamani akae, na Haboba mpaka leo hukataa kusema Kibera. Husema Kibra, na ukikosea anakusahihisha kama mwalimu. Alitukaribisha mkekani, akafunua tabaga, kile kifuniko chao cha kusukwa cha rangi nyingi, na chini yake kulikuwa na gurusa za moto, laini kama chapati za maji. Nilikula bila aibu. Daktari naye alikuwa na swali. Alikuwa ameona kwamba Haboba ameipaka namba yangu upya kwa rangi ya mafuta ya kijani, kisha akaendelea na kuvipa namba vyumba vyake vyote. Kwa nini rangi ya mafuta?

"Chaki inafutwa na mvua," Haboba alisema. "Hati si kitu ya kufutwa na mvua. Si nyinyi ni watu wa Ardhi?"

Daktari alimeza gurusa kwa shida. Wanubi wameidai serikali hati ya ardhi ya Kibra tangu enzi za huyo babu, na bibi huyu alikuwa ameamka asubuhi moja ya Novemba akakuta msichana mwenye kitambulisho anaomba kuandika namba mlangoni kwake. Angefikiri nini? Daktari alimweleza pole pole kwamba sisi ni wa chuo, kwamba namba haina maana yoyote zaidi ya kutuonyesha njia. Haboba alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akarudisha tabaga juu ya gurusa, ingawa hatukuwa tumemaliza.

"Basi," akasema. "Rangi nimeshanunua, iache ikae."

Niliona haya kwa ajili yetu sote, nikasimama haraka nikaomba kuwahoji wapangaji. Ndivyo nilivyofika kwa Everlyne.

Everlyne alikuwa katika chumba cha mwisho, mwanamke mwembamba wa kutoka Bungoma, mwenye mikono iliyochakazwa na sabuni kwa kufulia watu nguo huko Kileleshwa. Alihamia hapo Januari na binti yake, Lavender, aliyekuwa amemaliza darasa la nane. Aliniambia amekipenda chumba hicho kwa sababu ya ile namba ya kijani, inampa usingizi. Nikamuuliza swali letu jipya, kwa nini ulihama, nikitarajia kusikia habari za vijana na mapanga kama nilivyosikia kwa wengine.

"Jirani yangu aliniuza," akasema.

Alikuwa ameishi Kawangware, ploti moja ya vyumba vya kupanga na mwanamke aitwaye Ngina, Mama Ian, tangu watoto wao wakiwa wa kubebwa mgongoni. Ngina ni Mkikuyu, Everlyne siye, lakini hilo halikuwa jambo la kutajwa baina yao. Mmoja akichelewa kazini, mwingine aliwalisha watoto wote. Walikuwa wakigombana juu ya kamba ya kuanikia nguo na kupatana kabla nguo hazijakauka. Jioni moja ya Novemba Everlyne alirudi kutoka Kileleshwa akakuta mlango wake umeandikwa namba kwa chaki, ndani ya duara. Akamuuliza Ngina, akajibiwa ni watu wa chuo walipita. Hakujali. Hata kuifuta hakuifuta.

Baada ya kura, vijana wa upande wa kina Ngina wakaanza kupita kwenye ploti wakitazama milango. Ikavuma kwamba nyumba zilizotiwa alama ndizo za kuchomwa. Na katika ploti nzima, mlango wenye alama ulikuwa mmoja tu, nao ni wake. Everlyne alitoka nje akamsimamisha Ngina mbele ya majirani, akamuuliza: mbona kwangu, na si kwako? Ngina aliinamisha kichwa. Hakujibu neno.

"Mtu msafi angejibu," Everlyne aliniambia. "Yeye alinyamaza. Hapo nikajua."

Alimshika Lavender mkono wakaondoka na nguo walizovaa.

Nilimwambia kwamba namba ile ni yetu, ni ya chuo kweli, Ngina hakumdanganya. Everlyne alikitazama kitambulisho changu, akanitazama mimi, na nikaona kwamba si mjinga hata kidogo.

"Sawa," akasema. "Siku hiyo mimi nilikuwa kazi, nyumba imefungwa. Ngina alikuwa kwake. Kama ni nyinyi, mbona mliandika kwa mtu hayuko?"

Mlango uliofungwa unarukwa, hiyo ndiyo kanuni, nami niliijua kuliko sala zangu. Nilipokuwa nikiondoka, aliniambia jambo jingine, kwa sauti ya kawaida kabisa, huku akikunja nguo. Alisema hapo Mashimoni kila mtu anamjua Ngina kwa jina. Amewaambia kwenye kioski cha maji, amewaambia kanisani, amewaambia vijana wanaokaa relini. Ngina akikanyaga hapa siku moja, yeye hajui yatakayompata. Sijui ni kipi kilinitisha zaidi, maneno yenyewe au ile sauti.

Daktari aliposikia, alisema niandike "alihama kwa hofu" niendelee na mlango mwingine. Nikamwambia hofu ina mwanzo wake, na mwanzo wa hii ni chaki yetu. Akasema sisi si mahakama, na kwamba nikianza kutafuta nani alimkosea nani, nitazeeka Kibera. Nilikasirika, maana Kibera nitazeeka hata hivyo. Jumamosi, siku isiyo ya kazi, nikamtafuta Duncan.

Nilimpata kwao Kawangware, amekaa kibarazani akipiga pasi shati la kwenda nalo harusini. Tukasalimiana, niaje, poa, kisha nikamuuliza kuhusu ule mlango. Kwanza aliapa kwamba alifuata kanuni neno kwa neno. Nikakaa kimya, nikamtazama tu. Mama hunifanyia hivyo hivyo na huwa sichukui muda kukiri.

"Aah, Mutheu, wewe nawe," akasema akiweka pasi chini. "Mlango wa kumi ulikuwa wa huyo Mama Ian. Nilimpata ndani, akaniuliza maswali mob, moja baada ya lingine, akakubali. Nikitaka kuandika akanishika mkono. Ati niandike kwa jirani, si kwake. Nikamshow mwenyewe hayuko. Akasema atamwambia. Aki alinisumbua mpaka nikaandika, jua lilikuwa linachoma na sikuwa nimekula."

Duncan alitaka nimwahidi kwamba sitamwambia Daktari. Sikumwahidi chochote, sikuwa hata namsikia. Kumbe Everlyne alisema kweli. Chaki ilikuwa yetu, lakini aliyeisukuma kwake ni Ngina. Nilitoka hapo nimefura kama andazi, nikashuka njia ya ploti ile nikijitayarishia maneno. Nilikuwa nimemtetea mwanamke huyu mbele ya mtu aliyeumizwa, naye alikuwa na hatia. Na bado, katikati ya hasira, udadisi ulikuwa unanila. Mwezi wa Novemba hakuna aliyejua kwamba milango ingechomwa. Sasa mtu anakataa namba mlangoni mwake, anaipeleka kwa jirani, kwa sababu gani?

Ngina alifungua akiwa na unga mikononi. Chumba chake kilijaa hadi sikuona pa kuweka mguu. Kulikuwa na meza mbili, stovu mbili, makochi yamepandishwa juu ya makochi mengine, na sanduku la shule la chuma limeandikwa Lavender. Alikuwa amehamishia kwake kila kitu cha Everlyne kabla mwenye ploti hajakikodisha chumba kile kwa wengine. Mvulana wake, Ian, alikuwa akiandika kazi ya shule juu ya ndoo iliyopinduliwa.

Nilikuwa bado sijafungua mdomo alipokiona kitambulisho changu, na uso wake wote ukabadilika. Alifurahi. Mimi nilikuja kwa shari, mwenzangu anafurahi.

"Mmekuja," akasema. "Mlisema Januari, nikasema labda fujo imewazuia. Mama Lavender alihama, lakini si ni sawa? Mtoto bado mtamlipia?"

Sikumwelewa. Nikamuuliza kulipia nini. Naye akanieleza, akishangaa kwamba mtu wa chuo anaelezwa mambo ya chuo. Miaka iliyopita lilipita shirika fulani Kawangware. Watu wake walivaa vitambulisho kama hivi, wakauliza kuhusu kodi na shule, wakaandika namba kwenye milango michache, wakasema watarudi. Na kweli walirudi. Watoto wa nyumba zilizoandikwa walilipiwa karo mpaka kidato cha nne. Mmoja sasa ni muuguzi. Wale wengine, majirani zao waliokosa namba, walibaki wakihesabu bahati za watu. Duncan alipofika na chaki yake, akaanza kueleza utafiti wa wapangaji na masomo ya watoto, Ngina hakuhitaji kuambiwa zaidi. Namba ilikuwa imeangukia kwake.

"Ian alikuwa bado darasa la tano," akasema. "Lavender alikuwa amefanya mtihani, anangoja Fomu Wani, na mamake hana kitu. Nikamwambia yule kijana aandike kwake."

Maneno yote niliyojitayarishia njiani yalinipotea. Niliketi juu ya kochi la Everlyne. Nilimuuliza mbona hakumwambia rafiki yake, akasema hakutaka kumpa tumaini ambalo huenda lisitimie, na hata kama lingetimia, hakutaka kushukuriwa. Na siku ile ya kuulizwa mbele ya watu, mbona alinyamaza?

Ngina alikung'uta unga mikononi kabla ya kujibu.

"Ningesema nini? Vijana wako hapo getini, watu wamesimama, mlango uko na alama. Niseme ni mimi niliomba iandikwe hapo? Nani angengoja nimalize?"

Ilinibidi sasa nimwambie. Sijawahi kuichukia kazi yangu kama dakika hiyo. Nilimwambia kwamba hakuna karo, sisi si shirika, chuo hakimlipii mtoto yeyote, si Lavender, si Ian, si yeyote katika milango yote ile.

"Hakuna karo," akasema.

"Hakuna, mama."

"Sasa mlikuwa mnaandika ya nini?"

"Tujue pa kurudi kuuliza maswali."

Alinitazama, si kwa hasira. Nilitamani iwe hasira. Kisha akauliza kama Everlyne yuko hai, anakaa wapi, na Lavender alipata alama ngapi. Nikamweleza. Nilimweleza pia jinsi jina lake lilivyotangazwa Mashimoni, maana nisingemficha jambo ambalo lingeweza kumuua. Ngina alisema anataka kumwona hata hivyo.

Tulikubaliana wakutane Toi, sokoni, ambako watu wa kila namna walikuwa wamerudi na hakuna aliyemiliki njia. Everlyne nilimwambia jambo moja tu, kwamba Ngina anataka kulijibu swali aliloulizwa. Alisema hana haja ya jibu tena. Siku ilipofika nilimkuta amevaa leso safi ananingoja mlangoni, nikaelewa kwamba udadisi si ugonjwa wangu peke yangu.

Toi ilikuwa inajengwa upya. Kila upande ni nyundo na misumari, na wauza mitumba walikuwa wametandika nguo chini, juu ya majivu. Ngina alikuwa ameketi kwenye benchi la mama wa chai, akiwa amejifunika shali kichwani ingawa jua lilikuwa kali. Everlyne alipomwona alisimama mbali kidogo, mikono kifuani. Hawakusalimiana.

"Mama Lavender," Ngina akasema, "ni mimi nilisema waandike kwako."

Everlyne aligeuka aondoke. Nikamshika mkono. Kazi yangu yote ni kuuliza, sikuwahi kumwamrisha mtu yeyote, lakini siku hiyo nilimwambia aketi, angoje amalize. Sijui alinitii kwa nini. Aliketi mwisho kabisa wa benchi, na Ngina akamweleza yote, shirika lile la zamani, namba, Ian, Fomu Wani, na ule unyamavu. Hakulia wala hakubembeleza. Alisema kama mtu anayetua mzigo uliokwisha kumchubua bega.

Everlyne alikaa akitazama vikombe vya chai. Aliuliza swali moja.

"Na mtoto angesomeshwa kweli, ungeniambia?"

"Singekuambia. Ungeanza kunishukuru kila siku, tungekosa hata kugombana vizuri."

Everlyne alicheka. Kilitoka kicheko kifupi, hakukitaka, kisha kikageuka akaanza kulia, amejifunika uso kwa hiyo leso safi. Mama wa chai alijifanya anapanga vikombe. Ngina hakumgusa. Alisogea tu, kidogo kidogo, mpaka mabega yao yakakutana, nami nikageuza macho nikatazama nguo za mitumba, jambo ambalo mama yangu hangeliamini.

Mwishowe Everlyne alijipangusa, akasema, "Nimewaambia watu jina lako."

"Mutheu aliniambia."

"Na ukakuja?"

"Hapa ni Toi. Kule kwenu siwezi kufika."

Everlyne alisimama. Alifunga leso yake kiunoni, akamnyooshea Ngina mkono, akasema twende. Ngina alibaki ameketi. Nilianza kusema kwamba labda tungoje, labda Everlyne aende kwanza mwenyewe awaeleze, labda tumwombe Haboba azungumze na vijana. Mimi niliogopa, na siogopi kusema niliogopa. Nilikuwa nimewaona watu wakifukuzwa kwenye njia ile ile, na nilikuwa nimemtoa mwanamke huyu nyumbani kwake mwenyewe.

"Nikiwaambia peke yangu watasema nimelipwa," Everlyne alinikata. "Wamuone. Mchana huu, wote wakiwa nje." Kisha akamwambia Ngina, "Nitakuwa nimekushika. Wakikufanya kitu, wanifanye na mimi."

Ngina aliinuka.

Tukavuka barabara, tukateremka kuelekea Mashimoni, wao wawili mbele wameshikana, mimi nyuma na kitambulisho changu kisicho na faida. Kwenye kioski cha maji kulikuwa na foleni ya wanawake na mitungi. Waliitikia salamu ya Everlyne kwa furaha, wakamtazama mgeni. Everlyne alisimama mbele yao, mkono wa Ngina hajauacha.

"Huyu ndiye Mama Ian wa Kawangware," akasema. "Ni yule niliwaambia. Nilisema aliniuza. Si kweli. Hakuniuza."

Maji yakawa yanafurika mtungi wa mtu. Mwanamke mmoja mnene, mwenye mtoto mgongoni, aliuliza kwa ukali kama ina maana alikuwa akiwadanganya siku zote hizo. Everlyne alisema ndiyo, yeye alikosea, na akawadanganya wao. Mwanamke alisonya, akafunga bomba. Mwingine nyuma yake alimtazama Ngina kutoka kichwani hadi miguuni, kisha akasema karibu, si kwa moyo, lakini alisema.

Tukaenda kwa mwenye bucha, Everlyne akasema yale yale. Akasema kwa muuza visamaki vya omena, akasema kwa mke wa mchungaji aliyekuwa akianua nguo, akasema kwa wazee wawili waliokuwa wakicheza drafti na ambao, kwa maoni yangu, hawakuwa wamewahi kusikia habari hiyo. Kila mahali alianza upya, huyu ndiye Mama Ian, na kila mahali sauti yake ilizidi kukauka. Wengine walimpa Ngina mkono. Mmoja aliingia ndani akafunga mlango. Mbele yetu, relini, wale vijana walikuwa wameshatuona, wameacha kuzungumza, na mmoja wao akasimama.

Ngina alipunguza mwendo. Alisema kwa sauti ya chini kwamba imetosha, ameona, amesamehe, warudi Toi wanywe ile chai.

"Bado, Mama Ian," Everlyne akamwambia, akamshika kwa mikono yote miwili. "Niliwaambia wengi."